Paka wa Clapham Common na bei ya ukuta

Jukwaa la kituo cha Clapham Common, kusini mwa London, ni jembamba: limekaa katikati, reli kulia, reli kushoto. Asubuhi abiria husimama wamebanana, macho yakiwa ukutani, maana hakuna pengine pa kuyapeleka. Septemba 2016 ukuta ule ulianza kuwatazama wao. Matangazo yote 68 ya kituo yalikuwa yameondolewa na nafasi zake kujazwa picha za paka. Hakuna simu mpya, hakuna mkopo nafuu. Paka tu, kwa wiki mbili.

Walioyafanya hayo ni kikundi cha wabunifu kiitwacho Glimpse, chini ya James Turner. Walipitisha kofia kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, watu karibu 700 wakachanga pauni 23,000 hivi. Baadhi ya paka walikuwa wa vituo vinavyolea wanyama wasio na wenyewe, wakisubiri mtu wa kuwachukua. Abiria walicheka, wakapiga picha, na habari ikazunguka dunia kama kichekesho cha wiki.

Mimi nadhani haikuwa kichekesho.

Wakosoaji wana lao, na si dogo. Fedha zile zingenunua chakula cha paka walio hai. Tena watu waliozoea kazi ya kubuni wakipata sifa dunia nzima kwa kuondoa matangazo, je, hawajajitangaza? Zito zaidi ni la nauli. Wakati ule serikali kuu ilikuwa imeshatangaza kuiondolea mamlaka ya usafiri ya London ruzuku ya uendeshaji, na meya Sadiq Khan ameahidi kutopandisha nauli kwa miaka minne. Pengo hilo lazima lizibwe na kitu, na mabango ni sehemu ya kitu hicho. Anayetaka kuta tupu aseme basi nani atalipa.

Lakini irudie ile hesabu ya pauni 23,000. Igawe kwa nafasi 68, kisha kwa siku 14: unapata kama pauni 24 kwa kila nafasi, kila siku. Najua humo mna gharama za uchapaji na mengineyo. Hata hivyo, tazama maana yake. Huyu abiria ameshalipa nauli. Akitaka ukuta ulio mbele yake unyamaze, usimwambie kwamba ngozi yake ina kasoro au likizo yake ni ya kimaskini, hana dirisha la kwenda kuomba hilo. Atafute wenzake 700, wachange, wakaukodi ukuta kama muuza soda. Macho yake yaliuzwa zamani, na hakuna aliyemuuliza.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuniuliza kelele za nini, wakati sisi tunapanda matatu zilizochorwa toka bampa hadi paa. Ila nganya, matatu ya namna hiyo, unaichagua. Ikikuudhi unaiacha ipite, unangoja nyingine. Clapham Common ukuta ni mmoja, na treni ndiyo hiyo.

Hilo hata wenye treni walilikubali. Mwaka 2015 bango la manjano la kampuni ya Protein World, lenye mwanamke ndani ya bikini na swali kama mwili wako uko tayari kwa ufukweni, liliwakera watu wengi, wengine wakalichorachora. Mwaka uliofuata Khan aliagiza matangazo ya kuaibisha miili ya watu yazuiwe, na maelezo ya mamlaka yalikuwa mepesi: abiria hawezi kuzima kama runinga wala kufunua ukurasa mwingine kama gazeti. Miezi michache baadaye wakaja paka. Kama abiria hawezi kufunua ukurasa kwa bango la bikini, hawezi kwa bango la benki pia. Sioni mantiki inaishia wapi.

Nikiri kwamba paka nao hawakubisha hodi. Asiyewapenda alishuka ngazi za umeme katikati yao kila asubuhi, kwa uamuzi wa wachangiaji ambao huenda wengine wao hawajawahi kushuka kituo kile. Lakini hao angalau hawakuwa na kitu cha kumuuzia. Wiki mbili zilipokwisha paka walibanduliwa, na nafasi 68 zikarudi sokoni.