Solfa ya kwaya ya Machame ndo inanilipa mshahara Marekani

Huu mwaka wa saba nafundisha chuo kikuu kimoja huku Marekani, kwenye majimbo ya katikati yenye mashamba ya mahindi yasiyoisha. Nafundisha nadharia ya muziki pamoja na somo la sikio, yaani mwanafunzi anasikia kitu anakiandika, au anaona nota anaiimba papo hapo bila kugusa kinanda. Sasa kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi na leo nalisema, kwamba hiki ninacholipwa kukifundisha huku nilipewa bure na mwalimu wa kwaya kule Machame nikiwa darasa la tano, jioni, taa ya chemli imening'inizwa kwenye msumari, na kule nyumbani hichohicho tunakidharau.

Nina wanafunzi 16 kwa darasa. Wengi wamepiga piano au violin tangu wana miaka sita saba, macho yao yanasoma nota haraka mpaka unashangaa, ila mwambie mmoja aimbe sauti ya tatu peke yake bila chombo, wenzake wakiimba zingine, anapotea mstari wa kwanza tu. Sio kwamba hawana akili, wana akili sana, ila muziki waliupata kwa macho na vidole, sikio likaja nyuma. Na hapo ndo kazi yangu inapoanzia, mihula minne mizima ya kulirudisha sikio mbele.

Sasa linganisha na kwetu. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni solfa, yaani nota za herufi, d r m zake, nukta mbili na vistari vya kugawa mapigo, kila sauti na mstari wake. Tulikuwa hatuimbi neno hata moja la wimbo mpaka do re mi zikae, soprano peke yao, alto, tena, besi, halafu mbili mbili, halafu wote, ndo maneno yanafuata. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na kale kachuma ka pacha unakagonga gotini kanatoa sauti ya A, basi kutoka kwenye hiyo A moja anaitafuta do ya wimbo kichwani mwake, iwe F iwe E flati, anawapa sauti zote nne ya kuanzia na anapatia. Huku hicho kitu ni swali la mtihani wa mwaka wa pili, na wapo wanaofeli.

Na mfumo wenyewe ni uleule. Solfa hii yetu ilianzia kwa mwanamama mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, karne ya 19, mchungaji John Curwen akaichukua akaisambaza, wamisheni wakaileta Afrika na ikashika kwelikweli. Enoch Sontonga alipotunga wimbo wake mwaka 1897 kule Afrika Kusini aliuandika kwa solfa, na sauti hiyo ndo leo tunasimama nayo tukiimba wimbo wa taifa. Na vyuo vingi huku Marekani vinatumia do inayohama vilevile, yaani do haifungwi kwenye sauti moja ya kinanda, inahama kufuata wimbo ulivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia solfa ni nota za watu wasiosoma, muulize wimbo wake wa taifa uliandikwaje.

Ila kuna tofauti ndogo, na hiyo ndogo iliniumiza. Nilipofika kusoma masters nilipewa mtihani wa kupangiwa darasa, unaimba mbele ya mwalimu, mko wawili tu chumbani. Akaniwekea melodia ya maina (minor), ile ngazi ya sauti inayosikika ya huzuni. Mi kwa nilivyofundishwa maina inaanzia la, na ile sol ikipandishwa tunaiita se, nikaimba la, ti, do, re, mi, fa, se, la, sauti zote zimekaa sawa kabisa najua mpaka leo kwamba zilikaa sawa. Akanisimamisha. Kwao pale maina inaanzia do, ya tatu wanaiita me, ya sita le, na se kwao ni sol iliyoshushwa, yaani kinyume kabisa cha nilichoimba! Akasikia majina, hakusikia sauti. Nikapangiwa darasa la wanaoanza, muhula mzima niko na watoto wa miaka 18 tunaimba do re do, na niliona haya kumwambia Mwalimu kwenye simu. Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba maina ya kuanzia la ndo ya Curwen mwenyewe, na Wahungari wanaofuata ufundishaji wa mtunzi wao Kodály nao wanaianzia la mpaka leo. Sikukosea. Mitihani hiyo sasa hivi naisimamia mimi, na kabla mtu hajafungua mdomo namuuliza kwanza, ulikotoka maina inaanzia wapi?

Muhula huohuo tukafika kwenye Bach, yule mtunzi Mjerumani. Zile nyimbo zake za sauti nne, 371, ambazo mwanawe na wenzake walizichapisha kati ya 1784 na 1787, ndo chakula cha kila siku cha somo hili dunia nzima. Profesa akaweka karatasi, akapiga kwenye piano, na mi machozi yakanitoka maana ni ule wimbo wa Luther wa ngome, tunauimba kila Sikukuu ya Matengenezo, nimeuimba alto nikiwa mtoto na besi nilipokua. Wenzangu walikuwa wanahesabu chords, yaani sauti zinazolia pamoja, kwa vidole na mimi nilikuwa naisikia besi inakoenda kabla haijafika. Siku hiyo ndo nilijua Mwalimu alinipa nini.

Nisionekane nadanganya, huku kuna raha zake. Vyumba vya mazoezi viko wazi mpaka usiku wa manane, kila chumba kina piano na kuna fundi wa chuo anazitengeneza sauti, maktaba imejaa. Nyumbani nimeona piano moja wanafunzi wanapanga foleni na funguo zake nne hazitoi sauti. Hilo ni la pesa na nalielewa.

Nisilolielewa ni dharau. Mdogo wangu wa kike, anayeongoza kwaya ya watu arobaini, alienda usaili chuo kimoja huko nyumbani akaulizwa ana cheti cha piano cha Uingereza daraja la ngapi. Hana. Hawakumwambia hata aimbe! Mtu anayesikia mwimbaji mmoja wa sauti ya tena kati ya kumi akishuka kidogo tu amerudishwa nyumbani kwamba hajui muziki. Na kweli solfa peke yake haitoshi, wimbo ukihamahama do mara nne au ukileta vyombo vingi zile herufi zinabanana husomi, lazima ujue na nota za mistari mitano. Lakini mtu wa kwaya kuzijua ni kazi ndogo, nimefanya hivyo likizo mbili na vijana wa kwetu, baada ya mwezi wanasoma, kwa sababu kila nota wanayoiona tayari wana sauti yake kichwani. Kurudi upande wa pili, macho kwenda sikio, inanichukua miaka miwili na hawa wa huku.

Halafu kuna vya kwetu ambavyo hata piano haivifikii. Nikiwawekea wanafunzi uimbaji wa Wagogo wa Dodoma kuna mmoja lazima aseme wameimba nje ya sauti. Namchorea ubaoni, sauti ya saba kati ya zile za asili zinazozaliwa zenyewe juu ya waya mmoja inakaa chini ya ile ya piano kwa kama theluthi ya nusu toni (nusu toni ni hatua ya kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata), iliyosogezwa ni ya piano, sio ya Mgogo. Inabidi warudie mara tatu nne ndo sikio linafunguka. Sasa mbona mwanafunzi wa Dodoma mwenyewe hapewi hicho kwenye mtihani wake wa sikio, anapewa piano tu? Zanzibar tangu 2002 kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi wanafundisha taarab yenye robo toni zake na kusoma nota humohumo, kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

Ombi moja kwa mliopo nyumbani. Madaftari ya solfa ya walimu wa kwaya, yale ya kuandikwa kwa mkono, mwalimu akifariki yanafungiwa vitumbua au yanachomwa na vitu vya marehemu. Pigeni picha kila ukurasa, na pembeni andikeni jina la mtunzi kama mnalijua. La Mwalimu wangu lina kurasa karibu mia mbili, lilibaki kwa mjane wake, Desemba naenda kulipiga picha mwenyewe, nimeshamwomba na amekubali.