Chumvi na siki haziondoi sumu ya Msimbazi

Juzi asubuhi kwenye genge la mtaani kwetu, dada mmoja alirudisha fungu la mchicha akasema, "Mama, huu si wa Msimbazi huu? Mnatuua." Alimaanisha umelimwa kando ya Mto Msimbazi, unaopita katikati ya Dar es Salaam. Yule mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, kaoshe na chumvi, utakuwa salama." Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu najua aliamini alichokisema, na nyumbani kwetu nasi tumeliamini miaka mingi.

Sumu yenyewe ni metali nzito, hasa risasi (metali, si ya bunduki) na kadimiamu. Kuosha kunasaidia, nakubali. Maji mengi huondoa tope na vumbi lililoganda juu ya jani, na sehemu ya risasi huondoka nalo. Lakini kadimiamu haikai juu ya jani. Mzizi huinyonya ardhini pamoja na zinki, ikapanda mpaka ndani ya jani lenyewe. Osha kwa chumvi au siki, chemsha, unga kwa nazi, iko palepale. Ikishaingia mwilini hujificha kwenye figo, na hata nusu yake kutoka huchukua miaka 10 hadi 30.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba tunatazama maji tu. Mto ukiwa mweusi tunalalamika, masika yakiusafisha tunanyamaza. Metali hizi hazikai majini muda mrefu. Hushika chembe laini za udongo, zikazama. Unaweza kuchota chupa ya maji leo, ikapimwa na kuonekana haina neno, huku tope la chini yake limebeba miaka na miaka ya maji ya viwandani, betri zilizopasuliwa na oili chafu za gereji. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara tangu 2006, lakini risasi haiozi. Iliyosombwa kutoka barabarani wakati ule haijaisha kwa sababu tu tumeacha kuiongeza.

Na tope halitulii. Waulizeni watu wa Jangwani na Kigogo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wengine walihamishiwa Mabwepande, lakini waliobaki, kila mto ukifurika, hulizoa kwa koleo kutoka sebuleni na kulirundika mlangoni. Watoto hulichezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Maji yakishuka, mabondeni matuta huinuliwa juu ya tope hilohilo, na baada ya wiki tatu hivi mchicha uko sokoni.

Wapo wanaosema matete na magugu maji yatatusafishia mto. Ni kweli yanavuta metali, nyingi zikibaki mizizini, lakini yasipong'olewa na kupelekwa mbali huoza humohumo na kuzirudisha.

Naomba tusimalizie hasira kwa mkulima. Kumfyekea matuta hakupunguzi hata gramu moja ya kilichomo mtoni, na hakuna aliyewahi kumwambia shamba lake lina nini. Kikomo cha kimataifa kwa mboga za majani kipo: miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo. Basi tope lipimwe kila mwaka baada ya masika, kutoka Pugu mpaka Daraja la Salenda, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za serikali za mitaa. Anayelima mahali pabaya angeweza kuhamia bamia au nyanya, maana tunda kwa kawaida hubeba kidogo kuliko jani. Na mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, una kazi ya kuchimba mto. Tope hilo litamwagwa wapi, jirani na nani? Tuambiwe kabla malori hayajaanza kulibeba.

Lile fungu nililinunua mimi, sikuweza kumwacha mama wa watu amelishika mkononi. Limenyauka juu ya meza ya jikoni. Sijalipika.