Vijana wakimbizi hawamkatai mzazi, wanatafuta pa kukata rufaa

Katika mazungumzo ya Watanzania tunaoishi Norway, na hata ya jamaa zetu wa Dar es Salaam tunapopigiana simu, ipo hukumu isiyosubiri ushahidi: kwamba Ulaya imewaharibu watoto wa wakimbizi kwa kuwapa uhuru mwingi mno, na wazazi wao hawana tena kauli. Nimeishi Bergen miaka mingi, na jioni huwasaidia vijana wa Kikongo na Kirundi masomo yao ya shule. Ninayoyasikia kwao hayafanani na hukumu hiyo.

Wengi wao wanakubali bila ubishi kwamba mzazi apange saa ya kurudi nyumbani, aulize kijana yuko wapi na nani, na adai adabu mbele ya wageni. Wanachokipinga ni amri isiyotolewa sababu, hasa katika mambo ambayo mzazi mwenyewe hayafahamu, kama vile baba kung'ang'ania udaktari wakati kijana amekwisha kuchagua ufundi wa umeme, kazi ambayo huku ina heshima na mshahara mzuri. Wasichana huongeza lalamiko ambalo naliona la haki kabisa: kaka aliyewazidi mwaka mmoja hurudi usiku asiulizwe, nao huhojiwa kabla hawajavaa viatu.

Sheria ya Watoto ya Norway ya mwaka 1981, pamoja na marekebisho yake, iliweka ngazi zinazoeleweka. Mtoto husikilizwa tangu umri wa miaka 7, maoni yake hupewa uzito mkubwa afikapo 12, na akitimiza 15 huamua mwenyewe juu ya elimu yake, huku wazazi wakitakiwa kumwongezea nafasi ya kujiamulia kadiri anavyoikaribia 18. Kumpiga ni marufuku. Kwa bahati mbaya wazazi wengi hulisikia hilo la mwisho tu, pamoja na jina la Barnevernet, idara ya ustawi wa watoto, na hofu ikishawaingia hunyamaza kabisa. Vijana hawaufurahii ukimya huo. Wapo walioniambia kwamba baba anayeogopa ni mgumu kuishi naye kuliko baba mkali, kwa sababu hawajui tena anataka nini.

Sasa tuutazame upande wetu, bila kujipamba. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni, ingawa kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu shule kumchapa viboko visivyozidi vinne. Lakini mamlaka ya mzazi Dar es Salaam hayakuwahi kuendeshwa na sheria. Nilikulia Magomeni, ambako baba alikuwa na neno la mwisho kwa jina tu. Kijana aliyekatazwa jambo hakusimama kubishana naye. Alikwenda kwa bibi Buguruni akalala huko, na bibi, ambaye kwa utani wa wajukuu huruhusiwa kusema lolote, alikuja asubuhi kumkalisha mwanawe chini. Baba alilegeza bila kuaibika, kwani aliyemwamuru ni mama yake. Msichana alikuwa na somo wake, yaani mwanamke mzima wa kumfunda, aliyeambiwa yale ambayo mama hakupaswa kuyasikia. Mjomba naye alikuwa na lake. Tunaposema mkono mmoja haulei mwana, tunafikiria mikono iliyomsaidia mzazi, na kusahau kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomzuia. (Ilikuwa pia na madhara yake: jirani aliweza kumchapa mtoto asiyemjua vizuri, na umbea wa kibarazani ulimharibia msichana jina kwa jioni moja. Sitamani yote yarudi.)

Familia ninazozizungumzia zilianza kupoteza mikono hiyo kabla ya kuiona Ulaya. Wengi wametoka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, ambako chakula kilipatikana kwa kadi ya mgawo na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mtu awe na kibali ili atoke nje. Mtoto aliyekulia pale aliona kwamba baba hatoi wala hanyimi. Anayetoa yuko kwingine. Kisha ikaja safari: familia moja Norway, mjomba Marekani, bibi akabaki kambini. Mamlaka yote yakawaangukia watu wawili wasioijua lugha ambayo watoto wao waliishika haraka. Tangu mwaka 2022 sheria ya ukalimani ya Norway inazikataza taasisi za umma kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura na hali chache nyingine, lakini hakuna sheria inayofika jikoni, ambako barua ya kodi husomwa na binti wa miaka 14. Huwezi kumtegemea saa kumi na mbili akueleze unadaiwa kiasi gani, kisha saa moja ukamwambia hajui kitu.

Kwa hiyo naona wanaotaka kuwarudishia wazazi hawa fimbo, na wanaotaka kuwafundisha tu sheria za Norway, wote wameukosa mzizi. Kijana anayekwenda kwa mwalimu au kwa Barnevernet kulalamika anafanya kile nilichokifanya mimi nilipokwenda Buguruni, ila anayempokea hana undugu na baba yake, na baba hawezi kumsikiliza bila kujiona ameshindwa.

Baadhi ya familia zimeanza kumpigia kwa WhatsApp shangazi aliyebaki nyumbani, wakamweka katikati ya meza asikilize pande zote mbili. Mambo ya adabu na maneno makali huyamaliza vizuri. Inapofika kwenye kuchagua shule, au msichana kulala safarini na wanadarasa wenzake, shangazi huamua kwa kuufikiria mtaa wake, na kijana huondoka mezani kabla simu haijakatwa. Afadhali wangemtafuta mama wa makamo wa huku huku Bergen, anayezijua shule za hapa na ambaye baba anaweza kumwamkia shikamoo bila kinyongo; akina mama hao wapo, na wengi wao hawajawahi kuombwa.