Mpimeni Drury kwa msitu

Juzi Jumamosi tulikuwa msitu wa Hendrie, kaunti ya Simcoe hapa Ontario, Kanada, mimi na watoto na jamaa mmoja mwenyeji ninayefanya naye kazi. Misindano imesimama mistari mpaka macho yanachoka. Nikamwambia huu msitu una mkono wa Drury, waziri mkuu wa jimbo hili mwaka 1919 hadi 1923, akanijibu, "Yule mkulima? Si alitawala miaka minne tu wakamtoa, wakulima na serikali wapi na wapi." Nilinyamaza kwa sababu ya watoto ila iliniuma, na bado inaniuma, mimi nimezaliwa na wakulima.

Ernest Drury alikuwa mkulima wa kweli, wa Crown Hill pale karibu na Barrie, tena kilimo kakisomea chuoni. Ni mmoja wa walioanzisha United Farmers of Ontario, chama cha wakulima wa jimbo, mwaka 1914. Ikaja vita, serikali ya Kanada kule Ottawa ikaahidi vijana wa mashambani hawatachukuliwa jeshini, Aprili 1918 ikageuka, wazee wakaachiwa mashamba bila mikono, wakaandamana kwa maelfu hadi Ottawa na hawakusikilizwa. Basi Oktoba 1919, kwenye uchaguzi wa jimbo, wakapiga kura. Viti zaidi ya 40 kati ya 111, hakuna chama kilichowazidi, na kiongozi hawakuwa naye! Wakashikana na wabunge 11 wa chama cha wafanyakazi, wakaenda kumuita Drury awe waziri mkuu wa jimbo, ana miaka 41 na hata ubunge hana.

Posho kwa wajane wenye watoto, kima cha chini cha mshahara kwa wanawake, benki ya akiba ya jimbo, hayo yote ni ya muhula huo mmoja.

Lakini mimi nataka kusema habari ya mchanga. Simcoe walikata misitu yote wakauza mbao, halafu wakalima juu ya udongo ambao chini yake ni mchanga mtupu, baada ya miaka michache rutuba imeisha, upepo unabeba shamba linahamia barabarani, watu wanafunga nyumba wanaondoka. Drury kakulia humohumo, hakuhitaji kuandikiwa ripoti ndo ajue. Alipopata madaraka akashirikiana na Edmund Zavitz, mtaalamu wa misitu wa jimbo, wakapatana na kaunti: kaunti inunue ardhi iliyokufa, jimbo lipande na kutunza. Mwaka 1922 miche ikaingia pale Hendrie. Sasa fikiria, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi unapanda msindano kwenye nchi ya baridi, mti ambao miongo inapita kabla hujakata hata michache ya kupunguza msongamano. Kura gani inatoka hapo? Kwetu Mufindi mtu anapanda akijua huenda atakayevuna ni mwanae, na hakuna anayemuita mjinga. Huyu alifanya hivyohivyo kwa jimbo zima mnasema alishindwa kazi!

Haya, nakubali, mambo mengine yaliharibika. Alikaza sheria ya pombe mpaka watu wakamchoka. Mweka hazina wake Peter Smith alifungwa mwaka 1924 kwa mambo ya hatifungani za serikali, ni aibu na siitetei, ila Drury mwenyewe hakushtakiwa kwa hilo. Na katibu wa chama, J.J. Morrison, alitaka kibaki cha wakulima peke yao, Drury anataka mlango ufunguliwe kwa wengine, wakavutana hadharani muhula mzima. Mwaka 1923 wakabaki na viti 17. Kwa hilo la mlango mimi niko na Drury, huwezi kuongoza jimbo lenye Toronto ndani yake kwa kuwasemea wenye mashamba tu.

Alirudi Crown Hill, akagombea tena baadaye na kushindwa, akafa 1968 ana miaka 90, kwa hiyo ile miche aliiona ikiwa msitu.

Yule jamaa nitamrudisha Hendrie. Nitamuomba aondoe majani makavu kwa mkono, achimbe kidogo, auone ule mchanga mwenyewe.