Ngozi ya bi arusi haikuwa na taka

Wiki ya arusi ya binti wa ami yangu, hapa Lamu mtaa wa Langoni, walikuja wanawake wa kumsinga, yaani kumsugua mwili kwa singo, mchanganyiko wa manukato. Singo ilikuwa tayari kwenye bakuli, inanukia asumini. Alipoifungua leso wakaona viwiko na magoti: mabaka mazito ya rangi ya zambarau iliyofifia, na magamba meupe kama chokaa ya ukuta wa zamani inayobanduka. Mmoja akaurudisha mkono wake. Mwingine, mtu mzima tunayemheshimu, akasema, "Msugueni vyema kwa dodoki, taka hizo." Wakamsugua. Hakusema neno.

Haikutimia wiki ya tatu, mabaka mapya yakachipuka palepale dodoki lilipopita. Daktari wa Kijerumani, Heinrich Köbner, alilieleza jambo hili tangu karne ya 19: mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi aliokuwa nao bi arusi wetu, akikwaruzwa, ugonjwa huweza kuota kwenye mkwaruzo, hata mahali palipokuwa pazima. Kwa hiyo tulimwongezea maradhi kwa mikono yetu, tukidhani tunamsafisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Soriasisi huanzia ndani, kwenye kinga ya mwili. Chembe za ngozi huzaliwa chini, zikapanda polepole, zikabanduka baada ya takriban mwezi mmoja. Kwa mgonjwa, safari hiyo huisha kwa siku chache tu. Zinafika juu zingali changa, zinarundikana. Ndiyo magamba yale. Zinazozikimbiza ni seli T, askari wa kinga, kwa ishara kama intalukini 17 na intalukini 23. Askari wanapigana na adui asiyekuwepo, na ngozi inavimba na kuwasha.

Mwelekeo wa kuupata ugonjwa huu mtu huweza kuurithi. Kisha huja la kuuchokoza: maambukizi ya koo, msongo, sigara, pombe, hata baadhi ya dawa, ikiwemo klorokwini ambayo wazee wetu waliinywa sana kwa malaria. Uchafu haumo. Husuda haimo. Ukoma ni ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka wazi kuwa soriasisi ni ugonjwa sugu usioambukiza, na bado huku kwetu watu wanasita kula na mgonjwa wake sinia moja.

Tena hauishii kwenye ngozi. Wapo ambao kinga hiyohiyo huwashambulia viungo. Mwenye mabaka akilalamika kuwa vidole vimevimba na kukakamaa asubuhi, msimkande mkamwambia ni baridi yabisi. Mpelekeni kwa daktari mapema, kabla viungo havijaharibika.

Sasa mdogo wa bi arusi yule anaolewa, naye ana baka kisogoni. Nimeshazungumza na mama: singo apakwe kwa kiganja, taratibu, pale penye ngozi nzima tu, na dodoki lisiingie chumbani. Mama amekubali. Wamebaki wale wanawake, nao nitawafuata nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya kusinga.