Kipandauso na Saa ya Kula

Kwa miaka mingi niliishi na orodha ndefu ya miiko. Karanga niliziacha kwa sababu shangazi alisisitiza kwamba ndizo zinazoamsha kichwa. Chokoleti, maziwa ya mgando na machungwa vikafuata, na bado kipandauso kilinijia mara tano au sita kwa mwezi, upande mmoja wa kichwa ukipwita, mwanga wa dirishani ukinichoma macho na tumbo likikataa hata maji. Nilipoanza kuandika kwenye daftari saa niliyokula, saa niliyolala na siku niliyoumwa, niliona jambo ambalo orodha ile ilinificha: mara nyingi nilikuwa nimetoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi peke yake, nikala chakula cha kwanza saa tisa alasiri.

Tangu hapo ninaamini kwamba wengi wetu tunasaka chakula chenye hatia huku tukisahau saa ya kula. Kukaa na njaa, kupungukiwa maji na kukatisha ghafla kahawa uliyoizoea ni vichocheo vinavyofahamika vyema, na ndiyo maana siku za mwanzo za Ramadhani huwaelemea wengi wenye ugonjwa huu. Chokoleti nadhani imesingiziwa mno. Dalili za awali za kipandauso zaweza kuanza hata siku mbili kabla ya maumivu, na mojawapo ni hamu ya vitu vitamu. Anayeila jioni na kuamka akiumwa huenda shambulio lilikwisha kumwanza alipoitamani.

Katika virutubisho vya nyongeza, viwili ninaviheshimu. Riboflavini, yaani vitamini B2, ilijaribiwa kwa miligramu 400 kwa siku katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998: baada ya miezi mitatu, asilimia 59 ya walioitumia walipungukiwa na maradhi kwa nusu au zaidi, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 15. Washiriki walikuwa 55 tu, kwa hiyo tusiupe utafiti huo uzito kupita kiasi. Kiasi hicho hakipatikani kwa mayai wala maini, kwani mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu moja na ushei. Magnesiamu ni tofauti, kwa kuwa mbegu za maboga, korosho, maharage na mchicha vinayo kwa wingi. Vidonge vyake huharisha baadhi ya watu, na mwenye ugonjwa wa figo asivimeze bila daktari wake kujua.

Kinachoniumiza ni wauzaji wanaoahidi uponyaji wa wiki moja kwa kitu cha “asili”. Mmea wa butterbur ulipendekezwa na chama cha madaktari wa neva cha Marekani mwaka 2012, kisha mwaka 2015 mwongozo huo ukaondolewa kwa hofu ya madhara ya ini. Tena mgonjwa aliyekata tamaa hujazia pengo kwa dawa za maumivu, na akizitumia siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe huzaa maumivu mapya ya kichwa.

Siku hizi ninakula kiazi kitamu na yai saa moja asubuhi, natembea na chupa ya maji, na daftari linaonyesha mashambulio mawili kwa mwezi. Karanga nimezirudia.