Grosari ya mamdogo

Saa mbili asubuhi mamdogo wangu alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi, bahasha ya kaki mapajani. Mimi niliyejidai kumsindikiza nikafika saa tatu na nusu, kisingizio foleni. Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya hati ya kiwanja chake cha Sinza na barua iliyochapwa stesheneri: YAH: MAOMBI YA KUFUNGUA GROSARI.

Zamu yetu ilipofika, kijana wa mezani akaisoma barua, akamtazama mamdogo, akautazama na ushungi wake, akarudi kwenye barua.

"Shikamoo mama. Sasa mama, eneo lenu ni la makazi. Hizo bia utauza kuanzia saa ngapi?"

"Bia? Astaghfirullah! Mwanangu, mimi nauza mchele."

Benchi zima lilicheka, na mamdogo mwenyewe akacheka, ingawa kwa shingo upande. Kosa lilikuwa la yule wa stesheneri. Aliambiwa unga, mchele, maharage, mafuta ya kula na sabuni, akaona "duka la vyakula" ni jina la kizamani, akalipandisha cheo. Kwa Kiingereza cha shuleni alikuwa sawa kabisa. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, grosari ni viti vya plastiki, friji la bia na mtu wa nyama choma pembeni.

Ni kituko, lakini hakijanitoka kichwani. Kanuni zinazoamua nini kijengwe wapi katika miji yetu zimejaa grosari za namna hii: neno linasema jambo moja kwenye karatasi na jingine mtaani, na anayelipa gharama ya tofauti hiyo ni mtu mwenye bahasha ya kaki.

Tuanze na hati yenyewe. Ya mamdogo, kama hati nyingi za umri wake, ni ya Kiingereza. Inasema ardhi itumike kwa makazi tu, Kundi A, daraja (a), "kama lilivyofafanuliwa" katika kanuni za mwaka 1960 zilizorekebishwa mwaka 1993. Maana ya neno "makazi", ambalo ndilo linalombana, haimo kwenye karatasi anayoifungia kabatini. Imo kwenye karatasi nyingine ambayo hajawahi kuiona, iliyoandikwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Tumeshapata Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni mpya chini yake, lakini hati za zamani bado zinaongea kwa mdomo wa 1960.

Waingereza waliotuachia utaratibu huo wa madaraja ya matumizi, yaani orodha za nini kifanyike kwenye ardhi ipi, hawakuyaachia ya kwao yaote kutu. Septemba 2020, huko England, maduka, ofisi, migahawa na kumbi za mazoezi viliwekwa katika daraja moja, ili mtu aweze kuhama kutoka duka kwenda mgahawa bila kuomba ruhusa. Baa wakaiacha nje, isimame peke yake, bila daraja. Ukitaka kugeuza duka kuwa baa huko, omba. Sisemi tuwaige. Ninachokiona ni kwamba walirudi kutazama mitaa yao inavyoishi sasa, wakaandika upya.

Mitaa yetu inaishi kwa fremu. Nenda Sinza, Mbagala, Tabata, Mwanza, Morogoro: mbele ya nyumba kuna vyumba viwili vitatu vyenye milango ya chuma inayotazama barabara. Kimoja saluni, kingine wakala wa pesa kwa simu, cha tatu fundi cherehani. Nyuma yake watu wanalala. Fremu ndiyo pensheni ya wazee wengi ninaowajua. Je, ni makazi? Ni biashara? Sinza yenyewe ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini kujijengea nyumba. Nani aliwaza kwamba mtu wa kipato cha chini akishajenga nyumba atahitaji pia mahali pa kupatia kipato?

Jibu la ofisi ni kwamba ipo njia: omba kubadili matumizi, kuwa "makazi na biashara". Ipo kweli. Ina fomu, ada, tangazo kwa majirani, vikao. Njia hiyo hiyo anapitishwa anayetaka kujenga hoteli na anayetaka kuuza sabuni ya kipande. Mamdogo akauliza swali ambalo lilinifanya nitazame sakafu: "Na ile baa jirani yangu, inayopiga muziki mpaka saa nane usiku, yenyewe imebadilishwa?" Kijana akapekua. Kule ni mgahawa, akasema. Sawa. Chipsi wanakaanga, hilo hatubishi.

Baa ikiitwa mgahawa inapita, na duka la mchele likiitwa grosari linakwama. Sidhani kama hapo palikuwa na rushwa au chuki. Kijana alikuwa anasoma maneno tu, na maneno ndiyo aliyopewa.

Neno la pili linalonisumbua ni "ujazo". Halmashauri ikitangaza viwanja husema vya ujazo mkubwa, ujazo wa kati na ujazo mdogo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, mtu wa hesabu zake, aliona "ujazo mdogo" akafurahi: kiwanja kidogo, bei ndogo, size yangu. Akaenda na akiba yake, akakuta kiwanja cha ujazo mdogo ni shamba zima, bei yake inakaa nyumba mbili za kwao. Maana ujazo unaozungumzwa si wa kiwanja, ni wa watu. Ujazo mdogo ni watu wachache kwenye eneo, kwa hiyo viwanja vikubwa. Ujazo mkubwa ni watu wengi, viwanja vidogo. Neno limetafsiriwa vizuri tu, na bado msikilizaji wa kawaida anaelewa kinyume chake.

Na huo ujazo una asili yake. Wajerumani, kwa kanuni ya ujenzi ya mwaka 1891, waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya majengo: upande wa bahari nyumba za mtindo wa Kizungu, kwingine majengo ya namna nyingine, na mbali kidogo vibanda. Waingereza wakaendeleza kanda tatu, ya kwanza ya nyumba za "aina ya Kizungu". Hakuna palipoandikwa kwamba Mwafrika asikae Uzunguni. Palifafanuliwa nyumba tu, kuta zake na paa lake, halafu uwezo wa mfuko ukafanya kazi iliyobaki. Kati ya mji na Kariakoo pakaachwa uwazi, ndio Mnazi Mmoja ya leo. Mpango mkuu wa 1949, uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ukaleta lugha safi zaidi: ujazo mdogo, wa kati, mkubwa. Oysterbay ujazo mdogo, Upanga wa kati, Ilala na Magomeni mkubwa. Mzungu, Mhindi, Mwafrika, bila kumtaja hata mmoja. Tulipopata Uhuru rangi ikafutwa, ujazo ukabaki.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba sura ya tafsiri ya maneno, ile ya mwanzo wa kanuni inayosema neno gani lina maana gani na ambayo kila mtu anairuka, ni ya wanasheria tu. Mji wetu wote ulipangwa kwenye sura hiyo.

Ghorofa nalo ni neno la ugomvi. Kwetu nyumba ya ghorofa moja ina chini na juu. Chini hapahesabiwi, ni chini. Anayesoma mchoro kwa Kiingereza anahesabu sakafu zote, kwake hiyo ni ya mbili. Mafundi wamejiokoa kwa kusema "ji plasi wani" (G+1, yaani chini na moja juu), na hakuna anayekosea. Lakini kwenye mkataba, kwenye kibali na kwenye mazungumzo na jirani, nimesikia "ghorofa tatu" likimaanisha majengo mawili tofauti kwa watu wawili waliokaa meza moja.

Gereji vivyo hivyo: kwenye mchoro ni chumba cha kulaza gari lako, mtaani ni vijana sita, mtungi wa gesi na gari lililofunguliwa boneti. Na "kuendeleza"? Hati inakupa miezi 36 uwe umeendeleza kiwanja. Wengine wanamwaga msingi, wanapandisha kozi nne, wanarudi kijijini. Popo wanahamia. Hilo ni pagale, na kila mpita njia analijua kuwa pagale, lakini mwenyewe atakuapia ameendeleza, na ukitafuta neno la kumkatalia hulioni.

Kisha kuna familia. Hapa naomba nivuke bahari kidogo, kwa sababu mfano ninaoupenda kuliko yote uko Ohio, Marekani, mji wa East Cleveland. Kanuni ya makazi ya mji huo ilisema nyumba ikaliwe na familia moja, halafu ikafafanua familia kwa namna ya ajabu. Bibi mmoja, Inez Moore, alikuwa akiishi na mwanawe na wajukuu wawili, mmoja mtoto wa mwanawe huyo, mwingine mtoto wa mwanawe mwingine, aliyeletwa baada ya kufiwa na mama yake. Kwa tafsiri ya mji, hao wajukuu wawili, kwa kuwa hawakuwa ndugu wa baba mmoja, hawakuunda familia. Bibi akaamriwa amwondoe mjukuu. Akakataa, akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25. Mpaka mwaka 1977, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipomtoa kwenye janga hilo.

Nilipomsimulia mamdogo, aliuliza tu, "Walitaka ampeleke wapi?" Yeye analea watoto wanne, kati yao aliyemzaa ni mmoja.

Sasa ichukue nyumba ya Kiswahili, ile ya Kariakoo ya zamani na Magomeni: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jikoni na choo cha wote, barazani kitumbua kinauzwa asubuhi. Mwenye nyumba chumba kimoja, wapangaji vitano. Ni nyumba ya familia moja? Ya familia nyingi? Hosteli? Ni namna kongwe ya kuishi mjini kwenye pwani hii, na kwenye orodha za matumizi inabidi ijibanze kwenye sanduku la mtu mwingine.

Ninaye jamaa afisa mipango miji, tulisoma wote, nilimwaga haya yote kwake. Hakunikubalia. "Ukiandika neno fremu kwenye kanuni," akasema, "kesho mtu atajenga fremu kumi na mbili, nyuma aweke kitanda kimoja, aseme ni nyumba ya kuishi." Kweli atajenga. Lakini sasa hivi zinajengwa hizo kumi na mbili bila neno lolote la kumzuia, na afisa anabaki na hiari yake mwenyewe, ambayo ndiyo mlango wa bahasha za aina nyingine. Nikamwambia tujaribu kuandika palepale, kwenye karatasi ya risiti:

"Fremu ni chumba kilichoungana na nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe au mpangaji wake analala humo, chenye mlango wa kutokea barabarani, kinachotumika kuuza bidhaa za nyumbani au kutoa huduma ya mikono, bila pombe ya kunywewa hapo, bila mashine inayosikika nyumba ya pili, na zisizidi mbili kwa kiwanja."

Akaongeza "na isivuke mstari wa ujenzi", yaani mwisho wa kujenga kuelekea barabarani, kwa sababu hawezi kujizuia. Tukabishana kuhusu mashine ya kusaga. Tukabishana kuhusu saluni, ambayo jenereta yake inasikika nyumba ya tano. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tunabishana juu ya maisha halisi ya mtaa, jambo ambalo neno "makazi tu" halijawahi kumlazimisha mtu kulifanya.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria zetu ni Kiswahili, na kazi ya kutafsiri inaendelea. Ninachoogopa ni mfasiri mwema atakayeikuta "grocery" ya 1960, aandike "grosari", aende zake kula. Kanuni hizi zisitafsiriwe tu. Watu wakae na mjumbe wa mtaa, dalali, fundi na mama lishe, waulize kitu hiki mnakiitaje na kinaishia wapi, ndipo waandike.

Mamdogo alibadilisha barua. Sasa inasema duka la vyakula, na faili lipo "kwenye mchakato" kwa mwezi wa tano mfululizo. Wakati huo fremu imefungwa kufuli, kama alivyoagizwa. Yeye ameweka meza nyuma ya dirisha la sebuleni, pazia limesogezwa, mizani juu ya stuli. Dirisha la sebuleni ni makazi, hilo hakuna wa kulipinga. Mteja wake mkubwa ni ule mgahawa wa jirani: mafuta ya kukaangia chipsi, ndoo mbili kila Ijumaa.